Usilipie hiyo eksteno kabla hujaangalia dakika

Mkuu, shika hela yako kwanza. Umesema unatafuta muvi za nje zisizo za kawaida, za Japani, Irani na Senegali, uangalie nyumbani na mkeo, na kuna jamaa Kariakoo anakuuzia eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, imejaa muvi, "zote zimetafsiriwa". Hilo neno "zimetafsiriwa" ndilo lililonifanya niandike usiku huu.

Mimi niliuziwa mzigo wa namna hiyo hiyo. Muuzaji aliniapia kwamba Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ile ya 1954, imo nzima. Tukakaa familia yote sebuleni. Sauti ya DJ, yule anayetafsiri muvi kwa kuongea juu yake, iko juu, Kijapani kimefunikwa husikii hata mtu akipumua. Mle ndani kuna Kyuzo, fundi wa upanga asiyesema ovyo, na ukimya wake ndio unaokufanya umwogope. DJ akambebesha maneno kama konda wa daladala! Vita ya mwisho, mvua inamwagika, farasi wanateleza kwenye tope, yeye anawasalimia washikaji zake wa mtaani.

Halafu ikaisha mapema. Filamu ile ni ya dakika 207, yangu haikufika hata 165. Ilikatwa tangu zamani ilipopelekwa nchi za nje, na hizo nakala fupi bado zinazunguka. Nilipomrudia muuzaji akanijibu bila aibu: "Ndefu hazina wateja." Kumbe alijua! Mtu anakuuzia kitu anajua kimekatwa, anakuangalia usoni na kukuapia. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Kwa hiyo fungua faili mbele ya huyo jamaa wa Kariakoo, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta. Linganisha dakika na urefu halisi wa filamu. Ingia kwenye sauti uone kama lugha ya asili ipo. Kisha ruka katikati utazame sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Zikiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile, bonyeza G au H, kila mbonyezo unazisogeza milisekunde 50. Ila zikizidi kuachana na midomo kadiri filamu inavyokwenda, mara nyingi nakala inakimbia picha 25 kwa sekunde na sabtaito ni za picha 24. Kwenye filamu ya dakika 100, mwishoni mnapishana dakika 4 nzima. Hapo G na H hazikusaidii, dai faili nyingine.

Ya Senegali, chukua Mandabi ya Ousmane Sembène, 1968. Aliipiga kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa, wewe dai ya Kiwolofu. Ya Irani ni Close-Up ya Abbas Kiarostami, 1990. Mwishoni, watu wawili wakiwa kwenye pikipiki, sauti inakatikakatika. Usidhani faili ni bovu, Kiarostami kaikata makusudi. Sasa fikiria DJ akipata nafasi kama ile.

Kabla ya kulipa mwambie akufungulie hiyo Mandabi, halafu rudi hapa utuambie wanaongea lugha gani.