Nani Aliyewaambia Kinga Huongezwa?

Muuguzi wa zahanati moja mkoani Morogoro anauliza: "Tunaandaa bango la elimu kwa wagonjwa. Mwenzangu ameitafsiri 'inflamesheni' kuwa 'uvimbe', kisha akamalizia kwa sentensi 'Kula vizuri ili kuongeza kinga ya mwili'. Je, ni sahihi? Na neno 'kirusi' linakubalika?"

Ndugu muuguzi, uvimbe hapana, na "kuongeza kinga" hapana mara mbili. Kirusi tutakifikia.

Mgonjwa ukimwambia ana uvimbe kwenye ini, anarudi nyumbani kuwaita wanawe awausie. Katika Kiswahili cha hospitalini, neno hilo limeshachukuliwa na saratani na vile vivimbe vya kizazi. Isitoshe, Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukisema uvimbe umetaja robo ya jambo. Kiswahili kina neno mchochota, litumieni. Jina la Kilatini lililozaa "inflamesheni" lina maana ya kuwasha moto, na wazee wetu walipita njia hiyohiyo waliposema homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, maana homa, tuliyoichukua kwa Waarabu, nayo ni joto. Andikeni "mchochota", na chini yake mweleze: mahali pamewaka, pamekuwa pekundu, pamevimba na panauma.

Sasa nije kwenye hilo la kuongeza kinga, ambalo limenikera kwa muda mrefu. Tangu korona ya 2020 kila muuzaji wa unga wa mlonge, tangawizi na vidonge vya rangi zote anatangaza kwamba bidhaa yake "inaongeza kinga", kana kwamba kinga ni salio la simu: likiisha unaweka vocha, na ukiweka kubwa zaidi unafaidi zaidi. Kitenzi chenyewe kinakataa. Kukinga ni kuweka kitu katikati: unakinga jua kwa kiganja, unakinga maji ya mvua kwa ndoo. Ni tendo, na sifa ya tendo ni kufanyika kwa wakati wake na kwa kadiri yake. (Ile kinga ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, msiichanganye na hii.)

Tazameni mwiba unaomchoma mtu unyayoni. Dakika chache tu, seli zilizo chini ya ngozi zinamwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ya damu inatanuka, na hapo ndipo wekundu na joto vinapotoka. Majimaji yanavuja kutoka kwenye mishipa, mguu unavimba. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa nyutrofili zinafika mapema, zinameza bakteria, zinakufa kwa wingi. Mizoga yao ndiyo sehemu kubwa ya usaha mnaoukamua. Mwiba usipotoka, kinenani kunatokea mtoki. Angalieni uzuri wa neno hilo! Kidonda kiko mguuni, kivimbe kiko kinenani, na Waswahili waliviunganisha viwili hivyo na kuvipa jina kabla hatujafundishwa habari za tezi za limfu. Ndani ya mtoki, seli zinazoitambua bakteria ile zinazaana na baadhi yao zinatengeneza kingamwili, yaani protini za kumnasa bakteria huyo. Huko ndiko kinga inakozidi kweli, na bakteria wakiisha nyingi ya seli hizo hufa, zikabaki chache za kumbukumbu. Mwili mzima unajitahidi kuizima kinga baada ya kazi. Nyie wauzaji mnauza chupa ya kuizidisha daima!

Na ikizidi inakuwaje? Mwenye pumu anajua. Mwenye mzio wa karanga anajua. Mwenye lupus anashambuliwa na kinga yake mwenyewe, viungo, ngozi, hata figo. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na mgonjwa aliyepandikizwa humeza kila siku dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ya mwenzake. Mtu huyo akisoma bango lenu na kulitii kwa kununua makopo ya barabarani, mtamjibu nini?

Atatokea wa kusema: UKIMWI si Upungufu wa Kinga Mwilini? Kilichopungua si kinaongezwa? Hoja ni nzuri, na jibu wanalo watumiaji wa ARV wenyewe. Wao husema "CD4 zangu zimepanda", yaani seli za kinga ambazo kirusi cha UKIMWI huziharibu. Zimepanda, hawasemi zimeongezwa. Dawa inakizuia kirusi kisizaane, kisha mwili unajirudishia wenyewe. Watu waliouona ugonjwa kwa macho yao wamechagua kitenzi sahihi, na watangazaji wameshindwa.

Vitenzi vingine havikosekani. Chanjo hujenga kinga, kwa kuwa huufundisha mwili kumjua adui kabla hajaja; jina lake linatokana na kuchanja ngozi, enzi za ndui. Njaa na utapiamlo hudhoofisha kinga. Kwa hiyo bango liseme: "Kula vizuri ili kinga ya mwili isidhoofike." Muuza vidonge hatalipenda.

Kirusi sasa. Neno la kigeni liliingia kama virusi, wasemaji wakalisikia kama vitabu na vikombe, wakalitolea umoja wake. Zamani lilinikereketa, leo nakiri kwamba hivyo ndivyo lugha hai inavyomeza maneno, nami nimelitumia hapo juu. Liandikeni. Ila "virusi vya malaria" sitavikubali hata mkinibembeleza, kwa sababu malaria huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium, na kipindupindu ni bakteria. Kama kwenye bango kuna kosa hilo, lifuteni kabla hamjalibandika.