Wasomaji Wauliza: Toleo Jipya la Kitabu cha Udaktari, Ninunue?

SWALI: Nasoma udaktari mwaka wa tatu. Kitabu changu cha magonjwa ya ndani ni cha 2018, na sasa limetoka toleo jipya la bei ya kutisha. Ninunue? Na vile vya anatomia na famakolojia?

JIBU: Cha anatomia kiache kilivyo. Mishipa ya mkono haijahama. Matoleo mapya huongeza zaidi picha za skani na maswali ya majaribio. Histolojia, yaani elimu ya tishu, ni hivyo hivyo, fiziolojia karibu sawa.

Kama pesa ipo, iende kwenye magonjwa ya ndani na famakolojia. Fungua sura ya pumu katika kitabu chako. Ukikuta mtu mzima mwenye pumu nyepesi anaandikiwa salbutamol peke yake, sura hiyo imepitwa. GINA, mpango wa kimataifa unaotoa miongozo ya pumu, iliacha kushauri hivyo mwaka 2019, kwa kuwa dawa hiyo hutanua njia za hewa bila kutuliza uvimbe uliomo, na anayeitegemea yumo hatarini kupata shambulio kali. Kisha tazama kifua kikuu sugu: tangu 2022 WHO inapendekeza, kwa wagonjwa wengi wa miaka 14 na zaidi, tiba ya miezi 6 yenye bedaquiline, pretomanid na linezolid, mara nyingi pamoja na moxifloxacin. Kitabu cha 2018 hakiwezi kuwa nayo.

Toleo jipya nalo lipime kwa sura hizo hizo, maktaba, kabla ya kulipa. Miswada hufungwa mapema kabla kitabu hakijatoka, na sura nyingine hupakwa rangi tu. Tazama pia ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu: mwaka wa kuchapwa upya si mwaka wa toleo, na wauzaji hupenda kutaja ule wa karibu.

Dozi usizitoe kwenye kitabu cha kiada hata kiwe kipya. Tumia mwongozo wa dawa unaohuishwa mara kwa mara.

SWALI: Nimepata toleo jipya lililotumika, kwa nusu bei. Kuna ubaya?

JIBU: Hakuna, ila linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, na ya toleo unalolitaka, maana kila toleo lina yake. Msimbo wa kufungulia maswali na video mtandaoni kwa kawaida hutumika mara moja tu; ukiwa umeshakwanguliwa, uhesabu umekwisha na upunguziwe bei.