Kinga ya goti utakayoivua saa sita mchana

Useremala watu huuhesabu kuwa kazi ya mikono. Aliyewahi kufunga skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, nyumba nzima anajua magoti yanavyoshiriki. Karakana unasimama kwenye meza, unapiga randa, unachonga na patasi, mambo yanakwenda. Ukifika saiti kila kitu kiko chini: bawaba ya chini ya mlango, miguu ya makabati ya jikoni, skatingi zenyewe, na sakafu ya lamineti ambayo haitandikwi kwa kusimama hata ungekuwa bingwa namna gani.

Vijana huniuliza wanunue kinga gani za magoti. Wanategemea niwatajie aina. Mimi nawauliza wao: ikifika saa sita mchana, jua la Dar limeiva na jasho linatiririka hadi kwenye soksi, bado utakuwa umezivaa? Maana nimeona mafundi wengi wakianza asubuhi na kinga nzuri, za bei, na mchana zinaning'inia kwenye kisanduku cha vifaa huku goti liko juu ya zege. Kinga iliyovuliwa hailindi kitu. Kwa hiyo mimi huchagua kwa kutafuta kile kitakachonifanya niivue, kisha nakikwepa.

Kwanza ujue unalinda nini. Mbele ya goti, kati ya ngozi na kilegesambwa, ule mfupa wa mviringo wa mbele, kuna kifuko kidogo chenye ute unaoisaidia ngozi iteleze juu ya mfupa. Kuna kingine chini kidogo, karibu na kile kinundu cha mfupa wa muundi. Ukivigandamiza sakafuni siku baada ya siku vinavimba na kujaa maji. Sasa angalia unavyopiga magoti: ukiinama mbele na mikono chini, kama unavyotandika lamineti, mzigo unakaa juu ya kilegesambwa. Ukisimama wima juu ya magoti kufunga kitasa, mzigo unashuka pale kwenye kinundu. Kinga fupi inayofunika kilegesambwa peke yake inakuacha wazi kwenye kazi hii ya pili. Chagua inayoshuka kwenye muundi kwa upana wa kiganja hivi, na uijaribu katika mikao yote miwili.

Kariakoo utauziwa vitu vitatu ambavyo si kinga ya seremala, japo vyote vinavaliwa gotini. Kuna ile sapoti ya kuvutika ya madukani mwa dawa. Hiyo inabana na kushikilia kiungo. Mbele ni kitambaa tu, na ukipiga nayo magoti kwenye marumaru utajua. Kuna kinga za bodaboda, gamba gumu lililotengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Gamba lake limejikunja, ukilipigia magoti unayumba huku na huku, na fundi anayeyumba na msumeno wa umeme mkononi simpendi saiti kwangu. Na kuna za mpira wa wavu, laini na nyepesi, ambazo zinatoboka na skrubu ya kwanza.

Kinga za kazi zenyewe ziko za namna tatu kubwa: za kufunga mguuni kwa mikanda, vipande vya kuingiza ndani ya mfuko wa suruali, na kigodoro unachokiweka chini na kukipigia magoti.

Kigodoro kinadharauliwa na hakistahili. Kama kazi yako ni kufunga vitasa na bawaba, unakaa sehemu moja kwa muda, unahamia mlango mwingine. Huna sababu ya kubeba mikanda mguuni siku nzima kwa kazi hiyo. Hata anayeswali hutandika mswala. Tafuta sponji ngumu, ile ya kufanana na soli ya kandambili nene, ikate mstatili wa kutosha magoti yote mawili, itoboe tundu la kamba. Sponji ya godoro la kulalia usihangaike nayo, inabonyea hadi goti linagusa chini. Kipande cha tairi kinazuia msumari vizuri lakini hakina ulaini wowote. Ukiwa nacho, kiweke chini na sponji juu yake.

Shida ya kigodoro ni skatingi na sakafu, kazi za kuhama hatua kwa hatua. Utakisogeza asubuhi, na baadaye utachoka kukisogeza. Hapo ndipo ninaposifu suruali za mtumba.

Pita soko la Karume, angalia kwenye mafungu ya suruali za kazi kutoka Ulaya. Utaona zenye kiraka kikubwa magotini, na ukichunguza utakuta kiraka hicho kina mdomo, juu au chini, wakati mwingine kwa ndani. Wengi hudhani ni urembo, au kitambaa cha ziada kisichanike. Ni mfuko wa kinga. Unaingiza kipande cha sponji ngumu kilichokatwa kwa kipimo, na kinakaa hapo siku nzima bila mkanda wowote nyuma ya goti. Nyuma ya goti ndipo pagumu kwenye joto letu. Wakati wa kununua usiangalie kiuno tu. Vaa, piga magoti palepale, na uangalie mfuko uko wapi goti likiwa limekunjwa, maana suruali inapanda ukikunja mguu. Suruali ya Mholanzi mwenye miguu mirefu inaweza kukuletea mfuko katikati ya muundi. Fundi cherehani anaweza kupandisha mfuko, lakini hesabu gharama hiyo kabla hujalipa.

Ukiamua za mikanda, shika mkanda kabla hujashika kinga. Mkanda mwembamba wa lastiki unaopita katikati ya mkunjo wa goti utakukata na utauvua. Unaotakiwa ni mpana, na upite juu ya shavu la mguu, chini ya mkunjo. Kama ni miwili, mmoja juu ya goti na mmoja chini, wa juu uwe legevu zaidi. Utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, unajaa vumbi la mbao na kuacha kushika. Klipu za plastiki zinadumu zaidi katika karakana. Na kuhusu vumbi: la mvule linawasha ngozi ya watu wengi, likichanganyika na jasho chini ya kinga ya mpira isiyopitisha hewa, utajikuna hadi usiku. Vaa juu ya suruali, kamwe usivae juu ya ngozi tupu.

Halafu kuna ugomvi wa gamba gumu na uso laini. Mimi sina upande, naangalia sakafu. Jengo ambalo bado lina kokoto, misumari na vipande vya waya, gamba gumu na bapa. Nasisitiza bapa, lile la mviringo linakuyumbisha. Nyumba iliyokwisha kuwekwa marumaru au kupakwa vanishi, uso laini wa mpira. Gamba la plastiki kwenye marumaru linateleza, na punje moja ya mchanga iliyonasa chini yake inachora sakafu ya mteja mstari utakaokatwa kwenye malipo yako. Ukifanya kazi za aina zote mbili, suruali ya mfuko kwa ndani ya nyumba na jozi moja ya gamba kwa saiti chafu inatosha.

Kwenye bidhaa za Ulaya, mpya au mtumba, tafuta maandishi EN 14404. Hicho ni kiwango cha kinga za kazi ya kupiga magoti. Aina ya 1 ni za kufunga mguuni, aina ya 2 ni za mfukoni, aina ya 3 ni kigodoro, na ya 4 ni zile zilizo sehemu ya kifaa kikubwa zaidi. Kuna pia namba ya uwezo: 0 ni kwa sakafu tambarare na haiahidi kuzuia chochote chenye ncha, 1 inazuia ncha inayosukumwa kwa nguvu ya nyutoni 100, sawa na uzito wa kilo 10 hivi, na 2 inafika nyutoni 250. Kwa seremala wa ndani ya nyumba, uwezo wa 1 unamfaa. Za aina ya 2 zilipimwa pamoja na suruali yake, kwa hiyo ukikata sponji yako mwenyewe usijidanganye kwamba kiwango kimekuja nayo.

Isipokuwa na maandishi, ipime mwenyewe. Weka skrubu ya inchi moja imelala sakafuni, piga magoti juu yake uzito wote. Ukiisikia kwa umbo lake, rudisha. Kisha kaa hapohapo dukani dakika kadhaa huku ukipatana bei na muuzaji. Sponji mbovu inajisalimisha mapema. Muuzaji akilalamika, mwambie unanunua kwa ajili ya magoti na wewe unatumia magoti.

Kinga nzuri inaokoa ngozi na vile vifuko. Haiokoi kiungo chenyewe kinachokunjwa hadi mwisho saa nyingi. Uingereza imeweka kusagika kwa goti kwa watandika mazulia na mafundi wa sakafu katika orodha ya magonjwa ya kazi, na hao si watu waliokosa kinga madukani. Kwa hiyo punguza kupiga magoti kwenyewe. Mlango unaoweza kuchimbwa nafasi za bawaba juu ya meza usiuchimbe ukiwa umeuegemeza ukutani. Kabati liunganishe juu ya farasi wawili, vile vihimili vya mbao vya miguu minne. Kwa kazi ya urefu wa goti hadi kiunoni, kaa kwenye kigoda.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Ukiomba, omba kwa kutaja aina na kazi unayofanya, la sivyo utaletewa zile za mpira wa wavu.

Goti likivimba laini mbele, pumzika na usilipigie magoti. Likiwa la moto na jekundu, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kifuko kinaweza kuwa kimeingia vijidudu. Usikubali mtu akutoboe kwa sindano mtaani.

Matunzo ni machache. Osha kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini, kwa kuwa sponji ikiungua na jua inakakamaa. Kung'uta vumbi kila jioni, hasa kwenye mfuko wa suruali ambako hujificha na kugeuka kama msasa. Siku ukiibonyeza kwa dole gumba na shimo likabaki, nunua jozi mpya. Ile ya zamani inatosha kulazia milango ya vioo isikwaruzike kwenye gari.