SRVO-062 kwenye roboti ya kuchomelea: iache ampu, anza na betri za kitakoni

Mkuu, umeandika kwamba roboti yako ya FANUC, ARC Mate 100iC yenye kabati la udhibiti la R-30iB, ilizimwa Ijumaa, Jumatatu ikawaka na alamu ya SRVO-062 BZAL (betri ya enkoda imeisha kabisa) kwenye viungo vyote sita, na sasa kuna fundi anataka ununue sevo ampu, kifaa cha kabatini kinachoendesha mota. Usinunue. Alamu hiyo ikishika viungo vyote kwa mpigo, karibu kila mara ni betri. Ikishika kimoja tu, hapo ndipo unatafuta waya uliokatika ndani ya mkono, konekta iliyolegea au enkoda ya mota hiyo.

Enkoda, yaani kihisi cha nafasi kilicho nyuma ya kila mota, yenyewe inajua mota imesimama wapi ndani ya mzunguko mmoja. Idadi ya mizunguko ndiyo inayotunzwa na betri nne za kwenye kitako cha roboti umeme ukiwa umezimwa. Betri zikifa, hesabu inafutika. Kwa kawaida hutangulia onyo la SRVO-065 BLAL (betri imepungua), ambalo watu hubonyeza RESET na kuendelea na kazi. Onyo hilo lisipuuzwe hata siku moja.

Nunua LR20 nne, alkalaini, volti 1.5 kila moja. Madukani zimejaa R20 za redio, saizi ile ile. Zinaingia bila shida, ila uwezo wake ni mdogo na zikivuja zinakula vibati. Za kuchaji nazo hapana: ni volti 1.2, nne zinakupa 4.8 badala ya 6. Badilisha zote nne pamoja kila mwaka, na tarehe uiandike kwenye kifuniko.

Linaloponza wengi ni hili: betri hubadilishwa kabati LIKIWA LIMEWASHWA. Bonyeza kitufe cha dharura, hakikisha hakuna wa kukiachia, kisha ndipo ufungue kifuniko cha kitakoni. Mafundi tumezoea kuzima swichi kuu kabla ya kugusa chochote, na ni mazoea mazuri, lakini hapa ukizima kisha ukachomoa betri umefuta hesabu mwenyewe. Ukishaweka mpya, pima kwa multimita. Upate volti 6 au zaidi kidogo. Ukikuta sifuri, angalia kutu kwenye vibati na waya wake.

Kwako hesabu imeshafutika, kwa hiyo nenda MENU, SYSTEM, Master/Cal. Ukurasa huo usipoonekana, ingia Variables uweke $MASTER_ENB kuwa 1. Bonyeza RES_PCA, kitufe cha kufuta alamu ya enkoda, kubali, zima kabati, washa tena. BZAL ikirudi ilhali betri ni nzima, shida iko kwenye waya kati ya betri na enkoda. Ikiondoka, huenda ikaja SRVO-075 (nafasi ya enkoda bado haijathibitika): bonyeza RESET, sogeza kila kiungo kilichotajwa kwa hali ya JOINT (kiungo kimoja kimoja) angalau digrii 20, kisha RESET tena.

Sasa kumasta, yaani kuifundisha roboti upya sifuri ya kila kiungo iko wapi. Kama kuna mtu aliwahi kuhifadhi Quick Master Ref (nafasi ya rejea) roboti ikiwa nzima, umeokoka: peleka viungo kwenye nafasi ile, fanya Quick Master, na roboti inarudi pale pale ilipokuwa, kwa sababu sehemu ya ndani ya mzunguko mmoja haikupotea. Isipokuwepo, utalazimika kutumia Zero Position Master kwa alama zilizochorwa kwenye viungo, na hapo jicho ndilo kipimo. Kosa la digrii 0.05 kwenye kiungo cha 1, mkono ukiwa umenyooka mita 1.4, ni zaidi ya milimita 1 kwenye ncha. Kwa waya wa kuchomelea wa milimita 1.2, kosa la zaidi ya milimita 0.6 tayari linakutoa kwenye mshono. Panga alama kwa subira, ukizitazama mbele kwa mbele, si kwa pembeni. Halafu chagua Calibrate kwenye ukurasa ule ule. Na siku kiungo kimoja tu kikipoteza hesabu, tumia Single Axis Master. Usiguse vingine vitano.

Kabla ya kuwasha moto, peleka ncha ya tochi ya kuchomelea kwenye pini iliyochongoka, kisha endesha programu ya zamani polepole bila kuchomelea. Programu zote zikikosa mshono, rudi kwenye kumasta. Kurekebisha pointi moja moja ni kosa kubwa: siku roboti ikimastiwa sawasawa, kazi hiyo yote inaharibika.

Ukiridhika, hifadhi Quick Master Ref hapo hapo, na chukua nakala nzima ya kabati kwenye fleshi. Betri ya litiamu ya volti 3 iliyo ndani ya kabati ni nyingine kabisa. Hiyo hutunza programu, na ikichoka alamu yake ni SYST-035.