Ukoo Unakuja Kubariki Nyumba: Maswali Yenu na Majibu

Masika yakishakatika, maturubai yanaanza kusimama hapa Mwanza kila Jumamosi, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa. Mvua hakuna, shule zimefungwa, wa vijijini wameshavuna, na ndugu walioko mbali wanapata likizo. Mengi ni ya harusi, lakini safari hii barua zenu nyingi zinauliza kuhusu kuingia nyumba mpya. Niseme mapema ninavyoamini: wanaokuja siku hiyo wanakuja kukuombea. Chakula, ratiba, nani ashike kipaza sauti, vyote vipimwe kwa hilo.

Shikamoo mama. Nyumba yetu ya Buswelu inahamika, ila sebule haina dari na nje hatujapiga plasta. Baba ni mzee na afya yake inayumba, anataka tuibariki Julai. Mke wangu anaona aibu, anasema tusubiri mwakani. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Fanyeni Julai. Mji huu kila mtu anajua nyumba zinavyojengwa: mwaka huu msingi wa mawe, mwakani tofali, bati likipatikana bonasi au ng'ombe akiuzwa. Hakuna shangazi atakayetoka Misungwi kuja kukagua dari. Baba yako anataka kusimama kwenye nyumba ya mwanawe akiwa bado na nguvu za kusimama, na hilo likipita halirudi.

Lakini aibu ya mkeo usiichukulie kirahisi. Yeye anajua wageni wa kike wataingilia jikoni na kutokea chooni, na maneno yatamrudia yeye, si wewe. Kaeni wawili mkubaliane mambo machache ya kumaliza kabla ya siku. Choo kiwe na maji na mlango unaofungwa. Kuwe na chumba kimoja chenye kitanda ambapo baba anaweza kujinyoosha mchana. Nyaya za umeme zisining'inie.

Na shimo la maji taka lifunikwe. Hili nawaomba sana, wewe na kila anayesoma. Nyumba inayoendelea kujengwa huwa na shimo lililozibwa kwa bati bovu na matawi, na siku hiyo wanakuja watoto ambao hawaijui hiyo kona. Wekeni mbao nzito, juu yake mawe, kisha mpangeni kijana mmoja kazi yake iwe kukaa hapo. Vivyo hivyo kwa tenki la ardhini.

Mimi ni Mkatoliki. Mama yangu na ndugu zake wa Tabora ni Waislamu. Natamani padri na shehe wote waje. Inawezekana? Nani aanze?

Inawezekana, na kwenye koo zetu za Kanda ya Ziwa si jambo geni. Ila usichanganye. Kila upande upewe nafasi yake kamili, wengine wakae kwa heshima bila kulazimishwa kuitikia.

Mimi ningeanza na dua ya upande wa mama, asubuhi baada ya chai, sebuleni, wazee wakiwa wamekaa kwenye mikeka. Wengi hupenda isomwe Suratul Baqara, kwa kuwa ipo hadithi ya Mtume kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Na chakula cha kushukuru nyumba iliyokamilika kina jina lake kabisa katika fiqhi, yaani sheria za dini ya Kiislamu: kinaitwa wakira. Kwa hiyo wajomba zako hawaji kusindikiza sherehe ya watu wengine; nao wana lao la kufanya hapo, na uwakaribishe hivyo.

Padri aje mchana. Anza kwa mwenyekiti wa jumuiya yako, naye akupeleke kwa paroko mapema, maana Jumamosi mapadri wana ndoa. Ibada yenyewe haichukui muda mrefu: neno la Mungu, sala, kisha padri anapita chumba kwa chumba akinyunyiza maji ya baraka. Fungua milango yote, hata ya stoo. Nimeshaona padri akisubiri kwenye korido huku watu wakitafuta ufunguo wa chumba walichorundika mizigo. Na ukimkosa mwezi huo, usikate tamaa. Kanisa kuu letu pale Bugando ni la Epifania, na sikukuu hiyo ya Januari ndiyo ambayo Wakatoliki sehemu nyingi hubariki nyumba na kuandika kwa chaki juu ya mlango namba za mwaka na herufi C, M na B.

Nyama ichinjwe na Mwislamu, na mjomba mmoja awepo aone kwa macho yake. Sufuria uliza zilikotoka. Za kukodi huwezi kujua juzi zilipika nini, kwa hiyo azima kwa majirani Waislamu, watakupa kwa furaha. Pombe iache siku hiyo. Wanaoitaka wataitafuta baadaye, kwingine.

Mume wangu ni Msukuma wa Magu. Babu yake mdogo anasema lazima aje usiku wa kuamkia sherehe, alfajiri anyunyize maji yenye unga wa mtama mlangoni na kutaja majina ya waliotangulia, la sivyo nyumba haitakalika. Mimi nimeokoka, nimekataa. Sasa ukoo umenuna na mume wangu yuko katikati. Nifanye nini?

Dada yangu, kwanza nikuulize: babu mwenyewe umemsikia, au umeambiwa na wifi kwa simu? Ugomvi mwingi wa namna hii nimeuona ukipikwa njiani. Mzee amesema "nataka nije niseme maneno pale mlangoni," yakifika mjini yameshakuwa tambiko lenye mbuzi mweusi.

Nendeni Magu wote wawili, siku ya kawaida, na sukari na sabuni kama mnavyokwenda kumsalimia mzee yeyote. Mwache mumeo aulize taratibu babu anataka kufanya nini hasa. Mara nyingi utakuta kuna mambo matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni kutaja majina ya wazee waliotangulia. La pili ni kutamka baraka juu ya mlango na juu ya watakaolala humo. La tatu ni kile kinachotolewa: maji na unga, pombe ya mtama, au damu ya mnyama. Mawili ya kwanza sidhani yanagombana na wokovu wako. Biblia unayoisoma imejaa orodha za mababa na wazee wanaobariki watoto kwa midomo yao. La tatu ndilo linalokugusa dhamiri, na hapo una haki ya kusema hapana, kwa sauti ya chini na bila kumwita mzee mchawi. Neno hilo likishatoka kwa mkwe, miaka haitoshi kulifuta.

Pendekezo langu ni hili. Babu apewe nafasi kwenye ratiba, mchana, mbele ya watu, kabla ya mchungaji wako kuomba. Awe wa kwanza kusimama mlangoni. Aseme kwa Kisukuma, ataje majina yote anayoyakumbuka, aeleze ukoo ulikotoka na jinsi ulivyofika Magu, kisha awabariki. Unga na maji vibaki nje ya nyumba yenu. Wazee wengi, wakishahakikishiwa kwamba hawafukuzwi, hukubali, kwa sababu kilichowauma ni kuona mjukuu anaingia nyumbani kana kwamba hana wakubwa.

Wewe si Mkatoliki, lakini siku moja pita Bujora pale Kisesa. Kanisa la pale ni la duara, limejengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake kuna makumbusho ya Wasukuma. Watu wa imani wamekaa na swali hili la kwako kwa miaka mingi na hawakuona lazima watupe kila kitu.

Jambo moja sitalikubali: mumeo asifanye kwa siri alfajiri huku wewe umelala ili mradi pande zote ziridhike. Utakuja kujua, na utakapojua hutakuwa unagombania unga tena.

Natarajia watu 80, Kirumba. Wako wanaotoka Nansio na wengine Geita. Nipike nini, kiasi gani?

Mchele kilo moja wanakula watu 6 hadi 7 kwenye pilau, kwa hiyo kilo 12 au 13 zinatosha ukiweka na ugali pembeni. Ugali usiuache, kuna wazee ambao pilau kwao si chakula, ni kitafunwa. Nyama kilo 20, halafu samaki. Uko Kirumba, soko la samaki la Mwaloni ni hapo hapo, nenda alfajiri na mtu anayejua kubana shavu la samaki aone wekundu wake. Chukua sato wa kukaanga kwa wazee wa meza ya mbele, na sangara wa vipande kwa mchuzi. Sangara wa chini ya sentimita 50 usiguse hata akiwa bei ya kutupa. Kuvuliwa kwake ni kosa, na ziwa hili ndilo linatulisha. Ukitaka dagaa wabichi, tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi mpevu wanaadimika. Kwa chai ya asubuhi, michembe ya karanga (vile viazi vitamu vilivyokaushwa) itawafurahisha wa kijijini kuliko keki.

Wa Geita watafika mapema kuliko ulivyozoea. Tangu Juni 2025 wanapita darajani Kigongo–Busisi, kilometa tatu juu ya maji, hawapangi tena foleni ya kivuko. Chai iwe tayari saa mbili. Wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, wanategemea meli, kwa hiyo watalala kwako angalau usiku mmoja. Magodoro unaweza kuazima kwa majirani. Vyandarua usisahau, hapo ziwani mbu hawana sherehe.

Mdogo wangu anataka tuchapishe kadi za mchango. Anasema hata harusi tunachangiwa.

Hapana. Nyumba ni yako, na wengi wa hao hao wamekuchangia harusini na kwenye misiba. Kama pesa ni ndogo, punguza watu au pika wali na maharage. Wageni wataleta wenyewe: ndoo, mapazia, jogoo, gunia la viazi. Muweke shangazi mmoja mwenye daftari aandike jina na kitu, ujue utakapolipa wema. Daftari lisisomwe kwenye kipaza sauti. Aliyeleta vikombe sita asikie aibu mbele ya aliyeleta friji?

Mafundi waliotujengea Mabatini, juu ya mwamba mtupu, tuwaalike? Baba mkwe anasema walishalipwa.

Waalike, na wakae mbele. Kiwanja chenu cha Mabatini umeniambia kilikuwa mwamba mtupu. Basi kuna mtu aliyewasha moto juu ya jiwe mpaka likapasuka, akaligonga kwa nyundo vipande vipande, na kuna mama aliyekaa juani akiponda kokoto za zege mnalokanyaga. Walilipwa, sawa. Mshereheshaji awataje kwa majina, wapigiwe makofi, na kila mmoja aondoke na chakula cha watoto wake.

Shikamoo. Mimi ni mjane, nauza dagaa. Nimejenga Mkolani kwa jasho langu. Shemeji yangu anasema nyumba haifunguliwi na mwanamke: yeye ndiye akate utepe, na kwenye hotuba atasema ni nyumba ya marehemu kaka yake. Watoto wangu ni wadogo. Naogopa.

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, tena hongera kubwa. Halafu tuongee wazi, maana hofu yako ina msingi.

Nyumba hiyo utaifungua wewe. Hakuna dini wala sheria ya nchi inayosema vinginevyo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawasawa na ya mwanamume. Anayekuambia mila inakataza, muulize mila hiyo ilikuwa wapi ulipokuwa unaanika dagaa.

Kinachonisumbua zaidi ya utepe ni hiyo hotuba. Maneno "nyumba ya marehemu" yakisemwa mbele ya ukoo mzima, kwenye video, ukiwa umesimama kimya, kesho yatarudi kama ushahidi wa watu wazima kwamba ulikubali. Kwa hiyo mpe mshereheshaji sentensi iliyoandikwa, aisome mwanzoni na mwishoni: nyumba hii imejengwa na fulani, mama wa watoto hawa. Jina lako kamili. Marehemu akumbukwe kwa sala, kwa heshima yote, bila kupewa kiwanja.

Shemeji usimtenge kabla hajakulazimisha. Mpe kupokea wageni au kuongoza sala ya chakula, ni nafasi za heshima. Kabla ya siku, kaa naye mbele ya mzee mmoja wa upande wao anayekupenda, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, umwambie utaratibu ulivyo. Akikataa, jina lake litoke kwenye ratiba, abaki mgeni kama wengine.

Sasa swali ambalo hukuniuliza: kiwanja kilinunuliwa lini, na mkataba una jina la nani? Kama ulikinunua mwenyewe baada ya kufiwa, tunza mkataba wa mauziano, risiti za tofali na bati, na nakala kwa mtu unayemwamini nje ya ukoo huo. Kama kilinunuliwa marehemu akiwa hai, au kwa jina lake, basi suala la mirathi liko wazi bado hata kama kila tofali ni lako. Nenda mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, haki yako na ya watoto iandikwe. Ada ikikushinda, ulizia ofisi zinazotoa msaada wa kisheria bure kwa wanawake, Mwanza zipo. Hilo lifanye kwanza, ndipo uweke tarehe ya sherehe.