Kukariri si kusoma: niliyojifunza kambini

Mwaka wa kwanza wa kambi yetu ya kanisa, ya kuwafundisha watoto kusoma hapa Dodoma, nilimpa zawadi ya kusoma mtoto asiyejua kusoma.

Alikuwa darasa la tano, katokea kijiji kimoja cha Chamwino. Siku ya tatu alisimama mbele ya wenzake, Biblia mkononi, kidole kinatembea kwenye mistari, akatiririka: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Zaburi ya 23 yote, hajakwama popote. Makofi. Nikamkabidhi daftari na kalamu. Aliporudi kukaa ndipo nikaona Biblia yake imefunguliwa kwenye kitabu cha Hesabu.

Nilipomsimulia jirani yangu, ustadhi, alicheka mpaka akakaa chini. Kwake, alisema, wapo wanaomaliza Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, huku msahafu wameushika juu chini.

Kwa hiyo kama kanisa lenu linataka kutumia likizo ya Juni kuwasaidia watoto waliokwama, msianze na mistari wanayoijua. Siku ya kwanza mchukue kila mtoto peke yake, chini ya mti, wenzake wakicheza mpira, umpe maneno yasiyo na maana: pefu, gavo, mbuwi. Anayezijua silabi atayasoma. Anayekariri atakutazama usoni akisubiri umdokeze. Na akisoma "kula" palipoandikwa "kura", mwache. Hiyo ni lafudhi ya nyumbani, sisi Wagogo tunaijua.

Muulize pia kuhusu macho. Trakoma, ule ugonjwa wa vikope, imeusumbua mkoa huu miaka mingi, Kongwa hasa, na kuna mtoto anayeitwa mzito kumbe ubao hauoni. Zahanati kwanza, silabi baadaye.

Aibu ndiyo kazi kubwa. Mtoto wa miaka 11 hashiki kitabu cha darasa la kwanza mbele ya wenzake, hata umbembeleze vipi. Sisi tulipata njia kwa bahati tu: mwalimu wa watoto wadogo aliugua, tukawaomba wakubwa wakawasomee chekechea hadithi jioni. Ghafla kile kitabu chenye sentensi tatu kwa ukurasa kikawa halali. Yule wa Zaburi alikifanyia mazoezi siku nzima nyuma ya jiko, akijificha, maana sasa alikuwa "mwalimu". Tangu hapo kila mkubwa ana wadogo zake wawili wa kuwasomea.

Vifaa visiwatishe. Okoteni visoda, kila kimoja mwandike silabi kwa maka peni, watoto wapange maneno sakafuni. Mtoto akusimulie habari yake mwenyewe, mbuzi waliopotea au mlenda wa bibi, uiandike kwenye karatasi ya manila kwa maneno yake. Kisha kata sentensi vipande, vuruga, aipange upya. Usipokata ataikariri nayo, hawa watoto ni mafundi. Mwalimu mmoja kwa watoto watano, zaidi ya hapo mnadanganyana. Na waambieni wazazi walete blanketi na sweta, Juni ya Dodoma usiku haina huruma.

Sasa la maombi. Tunaomba asubuhi na jioni, tunaimba sana, sioni haya kwa hilo. Lakini mwaka mmoja mtumishi mgeni alitaka kuwapanga mstari akemee "pepo la ujinga". Tukamvuta pembeni kwa heshima zote. Mtoto ameshaitwa mjinga shuleni, halafu kanisani aambiwe ana pepo? Wengine wana disleksia, ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala ujinga, na kwa Kiswahili inajificha, kwa kuwa maneno yetu yanasomeka yanavyoandikwa. Mtoto anaweza kulipata kila neno, ila polepole mno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Usihesabu makosa tu, tazama na muda. Wiki mbili za kambi haziliondoi jambo hilo, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi, apunguze viboko.

Siku ya kuwachukua, wazazi hushindwa kujizuia. Mama wa yule kijana alifika, hata mzigo hajatua, akafungua Biblia: "Haya baba, nisomee Zaburi yako." Akamsomea yote. Mama machozi, "Mungu ni mwema!" Kijana akanitazama. Nilitaka kunyamaza, lakini yeye mwenyewe akafunua mbele, Yohana 11, akatafuta na kidole mpaka mstari wa 35, akaanza: "Ye-su... a-ka-li-a... ma-cho-zi."

Mama akauliza mbona huo anausoma vibaya.