Makofi mawili kwenye bodi

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza: "Ukipanda daladala mjini kwako unahofia nini zaidi, na nani mwenye uwezo wa kukuondolea hofu hiyo?" Nilikuwa konda kwa miaka tisa, njia ya Pongwe kuja mjini Tanga. Siku hizi natengeneza baiskeli Ngamiani. Ninachohofia ni mkono wa konda, na mwenye uwezo wa kuutuliza mkono huo ni mwenye gari. Naomba mnipe nafasi nieleze, kwa sababu waliowahi kufanya kazi ile hawaandiki magazetini.

Konda akipiga kofi moja kwenye bodi ya gari, dereva anajua kuna mtu anashuka. Akipiga mawili, twende. Dereva wa Hiace iliyojaa haoni mlangoni. Anasikia tu. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi, akiweka mguu mmoja chini na mwingine bado uko ndani, uhai wake wakati huo umo katika kiganja cha kijana anayening'inia mlangoni, naye kijana yule mawazo yake yote yako kwenye kituo kinachofuata, kwa sababu ameona gari la mwenzake linamkaribia nyuma.

Mwaka 2014 mimi nilipiga makofi mawili mapema. Aliyekuwa anashuka ni mwanafunzi wa sekondari, msichana, begi lake limenasa kwenye nguo ya mtu aliyesimama ngazini. Nilimwona. Sitaki kusema sikumwona. Nilidhani angeliachia begi akaruka, kama wanafunzi walivyozoea kuruka, kwa kuwa sisi ndio tuliowazoesha. Hakuliachia. Gari likaondoka naye hatua tatu hivi, akaanguka upande wa mkono wa kulia, na mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile, abiria wakiwa ndani, wote kimya. Mama yake alipofika hakunitukana. Aliniuliza, "Ulikuwa unawahi nini, mwanangu?" Nilishindwa kumjibu, na jibu nililokosa siku ile ndilo ninaloliandika hapa.

Nilikuwa nawahi hesabu. Mwenye gari alitaka elfu hamsini kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta juu yetu. Faini ya trafiki juu yetu. Tairi likipasuka, tunagawana nusu kwa nusu na tajiri akiwa na moyo mzuri siku hiyo. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha dereva na konda, na zipo siku nyingi hakibaki kitu. Mkataba ulikuwepo, nilitia saini karatasi siku gari lilipokuwa linaombewa leseni ya njia, ila nakala sikupewa na mshahara ulioandikwa mle sikuwahi kuuona kwa macho. Dereva wangu akiumwa, anaingia deiwaka, mtu wa kutwa moja, ambaye hana hata sababu ya kulionea huruma gari lenyewe.

Chukueni basi siku nzima muigawe. Tripu za alfajiri hadi saa nne zinalipa mafuta. Mchana abiria hakuna, tunapiga foleni kituoni tukisinzia. Ikifika saa kumi bado hesabu haijatimia, na hapo ndipo wanafunzi, wafanyakazi na wachuuzi wanaotoka sokoni wote wanataka kurudi nyumbani kwa mara moja. Kuanzia hapo hadi saa moja usiku kila shilingi ni chakula chetu. Kwa hiyo saa ambazo gari limejaa kupita kiasi na giza linaingia ndizo saa ambazo dereva na konda wamebanwa zaidi. Hatari ya daladala ina saa zake, na saa hizo zimepangwa na hesabu.

Mwanafunzi anaumia zaidi kwa sababu nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Konda anayepigania hesabu akimwona mwenye sare anaona kiti kilichopotea. Anamwacha kituoni, au anamruhusu aingie mwisho kabisa, asimame pale pale mlangoni, penye hatari kuliko kwingine kote. Wazazi wengi wa Tanga wanafikiri makonda wana roho mbaya. Wapo wenye roho mbaya, sikatai. Lakini nimefanya kazi na vijana wapole, wanaosali, wanaowaamkia wazee shikamoo kwa heshima zote, na wote waliwafungia watoto mlango.

Trafiki watasemaje? Barabara ya kwenda Pongwe ni barabara kuu, malori ya saruji yanatoka kiwandani yakiwa na mzigo, na sheria ya usalama barabarani imeweka kilomita 50 kwa saa penye makazi. Sote tulijua askari anakaa wapi na tochi yake. Tukifika pale tunatambaa, tukimpita tunafidia. Tochi inapima mwendo, na ni kazi njema, nimezika rafiki kwa ajili ya mwendo. Ila haipo tochi inayopima mlango. Miaka tisa sikuwahi kuandikiwa kosa la kuondoa gari abiria akiwa na mguu mmoja chini, wakati jambo hilo nililifanya karibu kila siku.

Naomba nigusie na wezi, maana swali lenu lilisema hofu, na hofu ya wengi ni simu na pochi. Konda anawajua wezi wa njia yake. Kwetu walikuwa wawili, wanapanda penye msongamano, mmoja amebeba koti mkononi hata jua likiwa la utosini. Mkono unafanya kazi chini ya koti. Tuliwajua kwa sura na tukanyamaza, kwa sababu gari linalazwa usiku mahali wanapopajua na konda ndiye anayetembea kwenda kwao saa nne usiku peke yake. Lile la wanaume wanaowasogelea wanawake makusudi kwenye mbanano ni zito zaidi, na linaniuma kwa kuwa nina binti. Msichana akilalamika, abiria wanacheka, na konda anasema, "Si ungesubiri gari lingine?" Maneno hayo nimeyasema mimi.

Dereva mmoja mtu mzima, ambaye nilifanya naye kazi mwaka wa mwisho, alinionyesha njia tofauti. Jioni moja dada mmoja alipaza sauti kule nyuma. Mzee akaegesha, akazima injini, akawasha taa ya ndani, akasema bila kugeuka, "Aliyetajwa ashuke. Nauli yake nitamrudishia. Sitoki hapa." Tulikaa dakika tano hivi. Kwanza abiria walimnung'unikia mzee. Kisha bibi mmoja akaanza kumwambia yule mwanaume ashuke, wakafuata wengine, akashuka. Baadaye nilimuuliza mzee alipata wapi ujasiri wa kupoteza dakika tano za jioni. Akaniambia gari lile lilikuwa la mdogo wake, na makubaliano yao ni mshahara wa mwezi. Alikuwa na dakika tano za kutoa. Mimi kwa tajiri wangu nisingekuwa nazo.

Ndiyo maana namtaja mwenye gari. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, imeipa mamlaka hiyo kazi ya kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu, na hilo ni jema, konda awe mtu anayejulikana jina na namba. Lakini konda aliyesajiliwa akabaki kwenye hesabu ni yule yule. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 tuliona kitu tusichokizoea, dereva asiyekimbizana na mwenzake kugombea abiria, kwa kuwa abiria hawamlipi yeye. Kubanana kumebaki, na penye kubanana mwizi hakosi riziki, kwa hiyo sisemi mshahara unamaliza kila kitu. Nasema unaondoa ile sababu ya kupiga makofi mawili mapema.

Matajiri watajibu kwamba wakilipa mshahara, dereva atalala chini ya mwembe na konda ataiba nauli. Nimewasikia wakisema hivyo mbele yangu. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na kifaa kama hicho kikifungwa kwenye Hiace kitamwambia mwenyewe gari limekwenda Pongwe mara ngapi na limesimama wapi kwa muda gani. Akijua tripu anajua nauli kwa kukadiria, na anayeiba sana ataonekana. Atapoteza kidogo, ndiyo. Hivi sasa anapoteza pia, kwenye gea boksi, bodi zilizogongwa na tairi zinazokwisha kabla ya wakati, ila hasara hiyo anaiita bahati mbaya.

Mji wetu una jambo lake jingine, nalo ni baiskeli. Kila wiki naletewa gurudumu lililopinda, na nikiuliza naambiwa daladala iliingia kituoni ghafla ikambana mtu pembeni. Tanga watu wazima kwa watoto wanaendesha baiskeli, na mwendesha baiskeli anapita pale pale gari linapochepukia. Konda akiangalia nyuma kabla dereva hajachepuka, mtu yule anapona. Sikufundishwa kufanya hivyo hata siku moja, wala hakuna aliyenifundisha lolote. Nilipewa mlango asubuhi moja na jioni nikaulizwa pesa.

Na usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, kwa hiyo watu wanashuka stendi ya Kange saa sita, saa nane za usiku, daladala hakuna, na mtu na mizigo yake anajikabidhi kwa bajaji au bodaboda asiyoijua. Binti yangu akitoka Dar simruhusu atoke nje ya stendi mpaka anitajie kwa simu namba ya bajaji, kwa sauti, mwenye bajaji akisikia. Vijana wengi wa pale wanafurahi ukifanya hivyo, maana nao wanaogopa abiria wa usiku. Wenye vijiwe wangeandika kwenye daftari nani kampakia nani na saa ngapi. Daftari halizidi elfu mbili.

Mimi bado napanda daladala, Jumapili nikienda kwa shemeji yangu Pongwe. Nakaa kiti cha karibu na mlango kila nikikipata. Wiki mbili zilizopita konda kijana, umri wake kama nilivyokuwa mimi nilipoanza, alinyanyua mkono kupiga bodi wakati mzee mmoja mwenye mkongojo bado anatafuta ardhi kwa mguu. Nikamshika kifundo cha mkono. Nikamwambia, "Bado, mwanangu, baba hajashuka." Aliniangalia kwa hasira kidogo, akageuka kutazama gari la nyuma, halafu akamtazama mzee. Akashusha mkono, akateremka yeye mwenyewe, akamshika mzee bega mpaka akasimama vizuri. Gari la nyuma likatupita na abiria wa kituo kilichofuata likawachukua wote.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga